Kaa Karibu, Mwachie Kazi Yake

Nimefundisha vijana wa sekondari kwa miaka mingi, na nimelea wa kwangu pia. Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni ule wa "mwache ulimwengu umfunze, atakomaa." Wapo waliofunzwa na ulimwengu wakakomaa, kweli. Wapo pia waliovunjika kabisa, na hao hatuwasikii kwa sababu hakuna anayewaita kuja kutoa ushuhuda. Kinachomjenga kijana ni kupita kwenye shida huku akijua yupo mtu mzima ambaye hatamkimbia.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na mwenzake Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi wakafika umri wa miaka 40. Baadhi yao walilelewa katika ufukara, ugomvi wa nyumbani, ulevi au maradhi ya akili ya mzazi. Kati ya hao waliobeba mizigo mingi, takriban theluthi moja walikua vizuri: wakasoma, wakafanya kazi, wakajenga familia. Jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja wa kutegemewa, na si lazima awe mzazi. Bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Wengi wao pia walikuwa na jukumu la kweli, kama kuwatunza wadogo zao. Walijua kwamba wasipofanya, kuna mtu ataumia.

Kazi ngumu kwetu watu wazima ni kukaa karibu bila kumnyang'anya kijana kazi yake. Mvulana mmoja niliyemfundisha aliachwa kwenye timu ya mpira. Mama yake alitaka kumpigia kocha simu siku hiyohiyo, na nilimwelewa, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimsihi asubiri kidogo. Nikamwuliza kijana: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia pamoja?" Akasema nimsikilize tu. Alilalamika sana, mengine hata hayakuwa ya haki kwa kocha, lakini sikumkatiza. Kesho yake akaja mwenyewe kuuliza aanzie wapi. Tukatunga swali moja la kumpelekea kocha: "Nirekebishe nini?" Tuliliacha lile la "Mbona mmeniacha?", kwa sababu hilo humfanya mtu ajitetee. Alikwenda peke yake, mimi nikamngoja nje. Akarudi na jibu: timu ikipoteza mpira, yeye anachelewa kurudi nyuma kukaba. Hilo ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanyia mazoezi. Muhula uliofuata hakuchaguliwa tena, na safari hiyo alimfuata kocha bila hata kuniambia.

Lile swali la kwanza, la kumsikiliza tu au kutafuta njia pamoja, nimelitumia na vijana wengi tangu hapo. Sisi hukimbilia kusema "usijali, si kitu," wakati kwake ni kitu kikubwa, na akisikia hivyo anajifunza kutotuambia tena.

Angalia pia unavyomsifu. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka walipopewa maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Lakini bidii nayo isisifiwe hovyohovyo, maana vijana wanaitambua sifa ya bure. Taja alichokifanya: "Ulipokwama ulirudi kwenye mfano wa kwanza."

Sasa, nisieleweke vibaya. Kuna mambo ambayo kijana hapaswi kuachiwa ayavumilie. Kuonewa na wenzake, kupigwa, kuguswa vibaya na mtu yeyote: hapo mtu mzima anaingilia mara moja, bila kungoja. Na ukiona kwa wiki kadhaa halali vizuri, amejitenga na rafiki zake, hapendi tena alivyovipenda, au anazungumza kana kwamba hana sababu ya kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo; mara nyingi humpa nafasi ya kulitoa moyoni. Akikubali, usimwache peke yake, na mfikishe kwa daktari au mshauri nasaha siku hiyohiyo.

Kwa mzazi ambaye kijana wake ameshafika miaka 19 au 20 na mambo yameharibika, Kauai ina habari nyingine. Wengi wa waliokuwa na matatizo ujanani walikuwa wamejirekebisha walipofika miaka ya 30 na 40. Wengine walirudi masomoni, wengine walipata ndoa tulivu, wengine waliingia jeshini au walishika imani. Kwa hiyo endelea kumpigia simu. Usianze na "umefikia wapi?" Mwulize amekula nini, ana kazi gani wiki hii, na kama kuna jambo angependa umsaidie.