Jiko la Mtu Mmoja: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Nusu kikombe cha mchele kinanishinda. Nikipikia wageni, wali unatoka vizuri. Nikipika wangu peke yangu, kwa sufuria ile ile na kipimo kile kile cha maji mara mbili ya mchele, unashika chini na juu unabaki na kiini. Nibadilishe mchele?

Mchele hauna kosa, badilisha sufuria. Maji unayotia huenda njia mbili: mengine hunywewa na mchele, na kwa mchele mweupe kiasi hicho hukaribia ujazo wa mchele wenyewe, mengine hupotea kwa mvuke. Yanayopotea kwa mvuke hayafuati wingi wa mchele. Yanafuata upana wa sufuria, jinsi mfuniko unavyokaa, ukali wa moto na muda. Sufuria pana inayopoteza robo tatu ya kikombe itapoteza karibu kiasi hicho hicho, uwe umepika vikombe viwili au nusu. Kwenye vikombe viwili hasara hiyo haihisiki. Kwenye nusu kikombe ndiyo inayokuachia kiini.

Tafuta sufuria nzito yenye upana wa sentimita 14 hadi 16 na mfuniko unaobana. Kwa nusu kikombe cha mchele tia kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo. Yakichemka, funika na ushushe moto hadi mwisho, kwenye jiko dogo kuliko yote uliyonayo. Acha dakika 12 hadi 15, zima, kisha uache dakika 10 nyingine bila kufunua. Dakika hizo 10 ndizo zinazosambaza unyevu, kwa hiyo usizikate kwa sababu ya njaa. Siku utakayopika vikombe viwili katika sufuria hiyo hiyo, vikombe vitatu vya maji vitatosha. Vinne vitakupa bokoboko.

Wali wa usiku nauacha kwenye sufuria jikoni, asubuhi naupasha moto mkali na kula. Sijawahi kuumwa. Rafiki yangu anasema nacheza na hatari. Nani mkweli?

Rafiki yako. Kwenye mchele mkavu huwa kuna spora, yaani mbegu sugu, za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, spora huamka, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu inayotapisha. Ukipasha moto utaua bakteria, lakini sumu hiyo inastahimili joto la jikoni na itabaki pale pale. Kwa hiyo kiporo kilicholala nje hakiokolewi na moto, hata ukiwa mkali kiasi gani. Wala usiamini pua yako hapa: wali wenye sumu hiyo unaweza kunukia vizuri kabisa.

Njia salama haina ugumu. Ukishapakua, tandaza wali uliobaki kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita 5, ili upoe haraka. Uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Wengi huogopa kuweka chakula chenye uvuguvugu kwenye friji. Chombo kidogo cha mtu mmoja hakina shida, kinachopandisha joto la friji ni sufuria nzima inayofuka moshi. Friji iwe na nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Wali huo ule kesho yake, uupashe mara moja tu, kwa kunyunyiza kijiko kimoja au viwili vya maji na kufunika, hadi mvuke utoke katikati na siyo pembeni peke yake.

Mchuzi, nyama na mboga zilizopikwa vinavumilia zaidi, siku 3 hadi 4 kwenye friji. Lakini navyo visikae nje zaidi ya saa 2, na mahali pa joto kali saa 1 tu.

Kila wikendi napika sufuria kubwa la maharage ili nisipike tena wiki nzima. Kufika siku ya tatu siwezi hata kuyatazama, na mengine nayamwaga. Wengine mnafanyaje?

Kosa haliko kwenye wingi, liko kwenye kuyaunga yote siku moja. Ukishatia kitunguu, nyanya na viungo kwenye sufuria nzima, umejifunga kula mlo mmoja mara sita. Pika yakiwa matupu, uyagawe, na uunge yale tu unayokula leo. Ushauri huu tunausisitiza kuliko mwingine wote kwa anayeishi peke yake, na unafaa pia kwa dengu, nyama ya kuchemsha na kuku.

Chukua nusu kilo ya maharage makavu, chambua, osha, loweka saa 8 hadi 12 kwa maji mengi. Maji hayo ya kulowekea mwaga. Tia maji mapya na uchemshe kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Kwa maharage mekundu makubwa ongeza hadi 30. Hili si la hiari: maharage hayo yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha, na haivunjiki kwa moto wa chini. Anayeyapika kwenye chungu cha umeme kinachoiva polepole, ayachemshe kwanza jikoni. Kisha punguza moto na uyaache yaive, saa 1 hadi 1 na nusu kwa kawaida, zaidi yakiwa ya zamani. Nyanya, ndimu na siki visiingie kabla hayajalainika, kwa sababu asidi hukaza ganda na utamaliza nishati bure.

Nusu kilo hiyo itakupa zaidi ya kilo moja ya maharage yaliyoiva, milo 5 au 6. Acha ya siku 2 au 3 kwenye friji. Mengine gawa kikombe kimoja kimoja pamoja na maji yake kidogo, ambayo huyazuia yasikauke, na uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukitumia chombo kigumu, acha nafasi ya sentimita 2 juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Ukitumia mfuko, ulaze uwe bapa: utaganda haraka na kuyeyuka haraka. Andika tarehe. Ndani ya miezi 3 ladha yake bado ni nzuri.

Sasa leo unaunga kwa kitunguu na nyanya. Keshokutwa unaponda kikombe kimoja kwa mafuta na kitunguu saumu, unapaka kwenye mkate. Siku nyingine unatia karoti na viazi, inakuwa supu. Au unayala ya baridi na kitunguu kibichi, ndimu na chumvi. Kila mlo huchukua dakika 15 kwa kuwa kazi kubwa ilishakwisha.

Mboga za majani zinanyauka au kuoza kabla sijazimaliza, hata kwenye friji.

Huenda unaziosha kabla ya kuziweka. Maji yanayobaki kwenye majani ndiyo yanayoanzisha uozo. Ondoa majani yaliyochubuka, funga yaliyobaki kwa kitambaa kikavu, tia kwenye mfuko usiobana, na uoshe siku ya kupika. Ziweke mbali na ndizi mbivu, matufaha, maparachichi na nyanya: matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayofanya majani yageuke manjano. Viazi na vitunguu navyo vitenganishe, kila kimoja mahali pakavu, penye hewa na pasipo mwanga. Kabichi usiikate katikati; bandua majani kuanzia nje, itakaa wiki kadhaa.

Lakini pia nunua kidogo. Fungu linalotosha watu wanne halina friji ya kuliokoa. Panga majani kwa siku 2 za kwanza baada ya kununua, kisha karoti, kabichi na malenge vishike zamu.

Sina friji. Je, nisahau yote haya?

Hapana, ila kipimo chako kiwe mlo mmoja tu. Akiba yako iwe kavu: mchele, dengu, unga, karanga, samaki mkavu, vyote kwenye vyombo vinavyobana ili wadudu wasiingie. Dengu zinakufaa kuliko maharage, maana hazihitaji kulowekwa na huiva ndani ya dakika 20 hadi 30, kwa hiyo unaweza kupika robo kikombe bila hasara. Mayai ni nyama yako ya kila siku: moja au mawili, hakuna kinachobaki. Nyama mbichi nunua ya siku hiyo hiyo, gramu 100 hadi 150, na uipike ukifika.

Kitunguu saumu ulichokimenya usikiloweke kwenye mafuta na kukiacha kabatini. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria wa botulizimu, yaani sumu inayopoozesha mwili, hustawi.

Mkate una ukungu kwenye kona moja. Nikate hapo nile uliobaki?

Tupa wote. Mkate ni laini, nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko jicho linavyoona. Ukinunua mwingine, acha wa siku 2 kabatini na uliobaki ugandishe ukiwa vipande. Unatoa kipande kimoja na kukichoma moja kwa moja bila kukiyeyusha. Usiuweke kwenye friji ya kawaida, kwa sababu baridi ile hukaza wanga na mkate huwa mgumu upesi kuliko ungekaa nje.