IQ 68, je mwanangu ana ulemavu wa akili?

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Shule ilisema apimwe akili, kapata IQ 68. Mwalimu anasema chini ya 70 ni ulemavu wa akili, ahamie kitengo maalumu. Lakini nyumbani namtuma dukani anarudi na chenji kamili. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usimhamishe kwanza. Hiyo 68 sio kama kilo za kwenye mzani, kipimo chenyewe kinapotea pointi kama 5 juu au chini, kwa hiyo inaweza kuwa 63 na inaweza kuwa 73, na kwenye 73 mwalimu asingekuita kabisa.

Alafu huo mstari wa 70 umewekwa na watu. Marekani miaka ya 1960 chama cha wataalamu wa haya mambo kilikuwa kimeuweka kwenye 85 hivi, mwaka 1973 wakaushusha hadi karibu 70. Sasa chukua mtoto mwenye 78, jana ana ulemavu leo hana, na yeye ni yuleyule, daftari ni lilelile! Hata wale Wafaransa Binet na Simon walipotengeneza kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905 walikuwa wanatafuta watoto wa kusaidiwa zaidi shuleni, Binet hakukubali kabisa kwamba akili ya mtoto ndo imeishia hapo.

Siku hizi namba peke yake haitoshi, lazima tuangalie na maisha ya kila siku, kuvaa, kuongea na wenzake, kutumia hela, kujua hatari, na shida iwe imeanza utotoni. Hiyo chenji mwambie mpimaji, haimalizi kila kitu ila ina uzito.

Niliwahi kumpima binti mmoja, nikampa vipande vya mbao avipange kama picha nikabonyeza saa, yeye macho yote kwenye ile saa mkononi mwangu, muda ukaisha hajagusa hata kimoja. Wiki ileile nikamkuta gengeni kwa mama yake anapanga nyanya mafungu ya mia mbili na ya mia tano, ananyanyua moja, anaipima kwa jicho, anaihamisha. Ripoti yake niliiandika upya.

Kwa hiyo rudi uulize alipimwa kwa lugha gani, kama ni Kiingereza na nyumbani mnaongea Kiswahili basi hapo kimepimwa Kiingereza chake pia. Muombe mpimaji akae na wewe akuulize mambo ya nyumbani. Na kama mwisho wa yote ikaonekana kweli ana ulemavu wa akili, dada usimfiche, msaada ni haki yake, ila mwalimu akueleze huko kitengoni atafundishwa nini na nani, sio kupelekwa tu akakae.

Kabla ya yote hayo mpeleke akapimwe masikio na macho, wiki hii ukiweza, nimeona watoto wanaitwa wazito kumbe swali lenyewe hawajalisikia.