Kwa nini darubini kubwa haitoshi kuiona sayari ya mbali?

SWALI: Nimesoma kwamba wanaastronomia wamepiga picha za sayari zinazozunguka nyota nyingine. Je, kilichohitajika si darubini kubwa tu? Na nani aliyeanzisha vifaa vya kazi hiyo? Msomaji, Iringa.

JIBU: Ukubwa husaidia, lakini hautoshi. Kwa mtazamaji wa mbali, mwanga wa Mshtarii ni hafifu kuliko wa Jua kwa takriban mara bilioni moja, na mwanga wa nyota unaotawanyika ndani ya darubini yenyewe huumeza ule wa sayari.

Aliyeanza kulitatua tatizo hilo ni Mfaransa Bernard Lyot, aliyesomea uhandisi wa umeme na kuingia katika kituo cha kutazama anga cha Meudon, karibu na Paris, mwaka 1920. Hakuwa akitafuta sayari. Alitaka kuiona korona, utando wa gesi unaolizunguka Jua, ambao hadi wakati huo ulionekana kwa dakika chache tu Jua linapopatwa kabisa. Waliomtangulia walikuwa wameshindwa. Yeye akabaini kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya lenzi, yaani viputo, mikwaruzo na vumbi lake. Akatumia lenzi moja isiyo na dosari, kisha akaweka kisahani cha kuiziba taswira ya Jua. Hata hivyo ilibaki pete ya mwanga uliopinda ukingoni mwa lenzi, naye akaikata kwa kiziba chenye tundu, kilichowekwa nyuma ya kisahani. Kwa maoni yangu, ubunifu wake mkubwa uko hapo, kwa kuwa kisahani kingeweza kufikiriwa na yeyote.

Mwaka 1930 alikipandisha kifaa hicho, koronagrafu, hadi kilele cha mlima Pic du Midi nchini Ufaransa, mita 2,877 juu ya usawa wa bahari, akaiona korona bila kungoja Jua lipatwe. Sehemu ya nje ya korona bado ilifunikwa na mng'ao wa anga, ndiyo maana mwaka 1952 alisafiri hadi Sudan kutazama Jua likipatwa. Alifariki Misri, akiwa njiani kurudi.

Kiziba chake hakijaachwa. Kimo ndani ya Gemini Planet Imager, kifaa kilichoanza kazi nchini Chile mwaka 2013 chini ya uongozi wa mwanaastronomia Bruce Macintosh, ambacho pia kina kioo kinachobadilisha umbo takriban mara 1,000 kwa sekunde ili kusahihisha mtikisiko wa hewa. Ndicho kilichoipata sayari 51 Eridani b, iliyotangazwa mwaka 2015.