Je, mgonjwa wa baridi yabisi apandishe kinga?

Swali: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 52 na anaugua baridi yabisi. Hospitali walimpa prednisoloni na methotreksati, wakatueleza kwamba dawa hizo zinashusha kinga. Muuza dawa za asili anasema aziache mara moja, atumie unga wake wa kupandisha kinga. Tufuate lipi?

Jibu: Marahaba. Mama asiziache, kwa kuwa katika baridi yabisi kinga hushambulia viungo vya mwili wenyewe, na dawa hizo huituliza. Prednisoloni hasa haikatishwi ghafla, kwa sababu mwili ulioizoea kwa wiki kadhaa hupunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ikikatishwa presha inaweza kushuka hadi mgonjwa akazimia au akafa. Ni kweli kwamba dawa hizo hurahisisha maambukizi, kwa hiyo akipata homa awahi kliniki.

Kinachonichosha ni hayo maneno "kupandisha kinga", ambayo nayasikia karibu kila wiki, hata kwa watu waliosoma. Nadhani tuliyazoea kutokana na UKIMWI. Kwa miaka mingi wagonjwa wetu wamepimwa CD4, yaani idadi ya seli za kinga zenye alama ya jina hilo, na namba ikipanda familia hufurahi. Kwa mwenye VVU furaha hiyo ina msingi, kwa kuwa virusi huziangamiza seli hizo. Lakini seli zenye alama ya CD4 hazina kazi moja. Nyingi ni seli T saidizi, zinazozihimiza seli B, ambazo nazo ni seli za kinga, kutengeneza kingamwili (protini zinazonasa vijidudu), na kuzichochea makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, kuviua. Humohumo, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ni seli T dhibiti, ambazo kazi yao ni kuwazuia wenzao. Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha mwaka 1995 kwamba panya wanaokosa seli hizo hushambuliwa na kinga yao wenyewe, na mwaka 2025 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Seli dhibiti hunyonya interlukini-2, kemikali ya mawasiliano ya kinga ambayo seli T nyingine huitegemea ili zizaliane, na pia huzinyang'anya seli za dendriti, zinazozionyesha seli T adui wa kushambuliwa, molekuli za CD80 na CD86, ambazo bila hizo seli T haipati idhini kamili ya kuanza mashambulizi. Katika viungo vya mama yako udhibiti huo umeelemewa: seli T na seli B zinachocheana, makrofaji zinamwaga kemikali za uvimbe, na gegedu, ile tishu inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, linalika taratibu. Sasa huo unga unapandisha zipi, zinazoshambulia au zinazozuia? Mwulizeni muuzaji.

Hata wataalamu wenye maabara kamili wamewahi kuungua hapa. Mwaka 2006 mjini London, wanaume sita wenye afya njema walipewa TGN1412, dawa iliyotarajiwa kuziamsha zaidi seli dhibiti, kwa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Ziliamka seli T za kila aina, na wote sita wakaishia chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vya ndani vikishindwa kufanya kazi. Wote walinusurika kifo, lakini hakuna anayepaswa kusikia kisa hicho kisha akaamini kopo lisilo na jina la mtengenezaji.

Unga usiofanya chochote ni afadhali, kwani hasara yake huishia kwenye fedha, mradi mgonjwa hakuacha dawa zake. Ninaouhofia zaidi ni ule unaotuliza maumivu ndani ya siku mbili. Bidhaa za maumivu ya viungo zinazouzwa kwa jina la asili zimekutwa mara nyingi na deksamethasoni isiyoandikwa kwenye lebo, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu bidhaa za namna hiyo. Deksamethasoni ni ya kundi moja na prednisoloni, ila ina nguvu zaidi: mgonjwa anaambiwa aache dawa inayoshusha kinga, kisha anauziwa ndugu yake kwa kijiko, bila kipimo. Kama mama ameshaanza kuutumia, njooni nao kliniki pamoja na kopo lake, wala msiusimamishe kabla hajaonwa, maana kama una deksamethasoni nao haukatishwi ghafla.