Maswali ya Wasomaji: Kuwapokea Wakimbizi Stesheni

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mama wa Kitanzania ninayeishi Berlin. Mwaka 2022, watu walipokuwa wakiikimbia vita ya Ukraine, nilipita stesheni kuu nikawaona wenyeji wamevaa vizibao vya njano na vya rangi ya machungwa wakiwapokea wageni. Nilitamani kuungana nao, ila nilisita kwa kuwa Kijerumani changu ni cha kubabaisha na Kirusi sikijui kabisa. Sasa kanisani kwetu wanatafuta tena watu wa kujitolea stesheni. Je, mtu kama mimi ana kazi gani pale? Na nikimkuta mama na wanawe hawana pa kulala, kuna ubaya gani nikiwachukua nyumbani kwangu, kama tunavyofanya kwetu? (Msomaji, Berlin)

JIBU: Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo zito zaidi. Usiwachukue. Najua jibu hili ni gumu kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ambayo mgeni akipiga hodi usiku hupewa kwanza maji na mkeka, ndipo akaulizwa atokako. Lakini nyumbani kwenu mgeni alijua amefika kwa nani, na majirani walijua yuko wapi. Mama aliyeshuka kwenye treni ya kutoka Warsaw usiku wa manane, amembeba mtoto mmoja na kumshika mwingine mkono, hana namna ya kumtofautisha mwema na mwovu, maana wote wawili watamjia kwa upole na wote wawili watamwambia kwamba wana chumba.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Ukraine ilikuwa imewazuia wanaume wengi wenye umri wa miaka 18 hadi 60 kuondoka nchini, hivyo waliofika Berlin walikuwa hasa wanawake, watoto na wazee. Mapema Machi 2022 polisi walilazimika kuwaonya hadharani wajihadhari na watu waliokuwa wakizurura stesheni na kuwaahidi wasichana malazi, na hata fedha. Ukimchukua mtu nje ya utaratibu, hata kama moyo wako ni safi, unamzoesha kuamini kwamba kumfuata asiyemjua ndiyo desturi ya mji huu, na atakayemjia kesho huenda asiwe wewe. Kama una chumba, kiandikishe kwa wanaoshughulikia malazi, ambako jina lako, anwani yako na jina la mgeni wako vitahifadhiwa. Utaratibu huo ndio ulinzi wake, na kizibao ulichokiona kina kazi hiyo hiyo: kinamwonyesha mgeni nani anajulikana na nani hajulikani.

Wajerumani walilitambua jambo hili zamani. Bahnhofsmission, huduma ya makanisa inayofanya kazi stesheni, ilianzia Berlin mwaka 1894 kwa ajili ya wasichana waliotoka mashambani kutafuta kazi mjini, ambao baadhi yao waliangukia mikononi mwa walaghai papo hapo waliposhuka. Leo ipo katika stesheni zaidi ya 100 nchini humo na hupokea watu wa kujitolea wa mataifa mbalimbali. Ningekushauri uanzie huko, au kwa hao wa kanisani kwenu, mradi wawe na msimamizi anayejulikana na stesheni. Wakikuomba cheti cha tabia njema kabla ya kukuruhusu kukaa na watoto, usikasirike. Furahi kwamba wanauliza.

Kuhusu lugha, ondoa wasiwasi. Vile vizibao vilikuwa na maana: vya machungwa vilivaliwa na waliozungumza Kirusi au Kiukraine, na vya njano na wengine wote. Hao wa njano hawakukosa kazi. Katika siku zilizofurika zaidi mwezi Machi, takriban watu 10,000 walifika Berlin kwa siku moja, na sehemu kubwa ya kilichohitajika haikuwa hotuba: kubeba mizigo pale lifti ilipoharibika, kumsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu, kuonyesha choo kilipo, kutafuta nepi na taulo za kike, kuchaji simu ili mtu aweze kuwaambia waliobaki kwamba amefika salama, kumsindikiza anayebadilisha treni mpaka kwenye mlango wa behewa lake. Na Kiswahili chako usikidharau. Miongoni mwa waliokimbia Ukraine walikuwamo wanafunzi wa Kiafrika, na wakimbizi wa Kongo na Burundi nao husafiri kwa treni za Ulaya. Mtu aliyezungukwa na lugha asizozielewa akisikia ghafla ya kwake, utamwona mabega yanavyoshuka.

Hapo hapo ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu anayekuelewa atakuuliza kila kitu. Atataka kujua kama atapata kibali, kama atabaki Berlin, kama mumewe ataruhusiwa kumfuata. Usimjibu kwa kumfariji. Uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa tarehe 4 Machi 2022 uliwapa ulinzi wa muda raia wa Ukraine na familia zao, pamoja na waliokuwa wamepewa ukimbizi huko, lakini mwanafunzi wa Kikenya au wa Kitanzania mwenye kibali cha muda mfupi hakuingia moja kwa moja katika kundi hilo. Vivyo hivyo, waomba hifadhi hugawanywa kati ya majimbo 16 ya Ujerumani kwa hesabu inayotazama mapato ya kodi na idadi ya watu, kwa hiyo aliyeambiwa na mtu mwenye huruma kwamba atakaa Berlin aweza kujikuta ndani ya basi linaloelekea mji asiowahi kuusikia, na tangu hapo haamini tena neno la mtu yeyote. Sema kwamba hilo litajibiwa na mshauri wa sheria, kisha mpeleke kwa mshauri huyo kwa miguu yako mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawatafikiria kukuonya. Sisi tumezoea kusalimiana kwa kuulizana habari za nyumbani, za watoto, za wazee. Pale stesheni maswali hayo yaweza kumliza mtu ambaye nyumba yake imebomolewa wiki iliyopita. Muulize kama amekula. Akitaka kukusimulia yaliyompata, sikiliza, asipotaka, usimchokoze.

Kabla ya kupeleka vitu, uliza kwanza. Mwishoni mwa wiki ya tarehe 5 na 6 Septemba 2015, wakimbizi wapatao 20,000 waliingia stesheni kuu ya Munich wakitoka Hungary kupitia Austria. Siku chache kabla ya hapo wenyeji walikuwa tayari wameleta vyakula na nguo nyingi kiasi kwamba polisi waliwashukuru na kuwaomba wasilete zaidi. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli na mimi nauheshimu sana, lakini rundo la nguo lisilo na wa kulipanga huwaongezea kazi wale wale waliochoka. Na zamu yako ikiisha, nenda nyumbani ukalale.

SWALI: Mhariri, kikundi chetu hapa Leipzig kinawasaidia wakimbizi wanapofika. Wenzangu wanapenda kuwapiga picha, hasa watoto, na kuzituma mitandaoni ili watu wachange. Baadhi yetu hatujisikii vizuri. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Leipzig)

JIBU: Ndugu yangu, ninyi msiojisikia vizuri ndio mlio sahihi. Sheria ya Ujerumani inampa kila mtu haki juu ya picha yake mwenyewe, lakini hata isingekuwapo sheria, fikirini ridhaa hiyo inatolewaje: mtu aliyepokea supu mkononi mwako atawezaje kukukatalia? Tena kuna wanaomkimbia mume mkatili au serikali inayowasaka, na wengine wana ndugu waliobaki kwenye hatari; picha moja yenye jina la stesheni nyuma yake inatosha kueleza mtu alipo. Mtoto ndiye asiyeweza kabisa kuyapima hayo.

Mkitaka kuchangisha, pigeni picha ya meza yenu ya vyakula, kisha andikeni kilichopungua kwa usahihi: nepi za saizi gani, chaja za simu za aina gani, wakalimani wa lugha ipi na kwa zamu ipi. Msimamizi wa zamu aione picha hiyo kabla haijatumwa, ahakikishe hakuna uso wa mgeni ulioingia pembeni.