Kupiga picha nakshi za milango kwa sikio la taarab

Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar hupigwa picha kila siku, na nyingi hutoka sura moja: mlango mzima katikati, kizingiti cha juu kimekatwa kwa kuwa uchochoro ni mwembamba. Mlango unaonekana, nakshi imepotea. Anayeitaka nakshi yenyewe na aanze kwa kuisikiliza dumbak, ngoma ya mkono ya taarab.

Chukua mdundo wa maksumu. Una nafasi nane, dum likiwa pigo zito na tak pigo jepesi: dum, tak, kimya, tak, dum, kimya, tak, kimya. Mapigo matano, kimya tatu, na bila zile kimya mdundo haupo. Misumari ya shaba ya milango hiyo nayo ni hivyo hivyo: ubao mtupu kati ya msumari na msumari ni sehemu ya nakshi. Kabla ya kuinua kamera, hesabu. Kila safu ina misumari mingapi, safu zimeachana kiasi gani, na hesabu inavunjika wapi? Mara nyingi huvunjika kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati uliochongwa, au kwenye komeo. Hapo ndipo dum ya picha yako. Iache nakshi ijirudie mara tano au zaidi kabla ya kufika hapo. Ikijirudia mara tatu tu, jicho huona vitu vitatu.

Kingo za picha nazo zina kanuni. Katika sanaa ya Kiislamu, nyota ya pembe nane hupatikana kwa miraba miwili, mmoja ukizungushwa nyuzi 45 juu ya mwenzake, na nyota hizo husambaa mpaka ukingo uzikate katikati. Jicho huzimalizia lenyewe, nakshi ikaonekana haina mwisho. Nawe kata msumari au ua katikati kabisa, au acha nusu ya nafasi tupu. Kijipande chembamba cha msumari ukingoni huonekana kosa, na ni kosa.

Kwa uchochoro wa mita 2, lenzi ya milimita 85 kwenye kamera ya fremu kamili huchukua eneo la kama sentimita 56 kwa 85. Ya milimita 50 huchukua kama sentimita 96 kwa 144. Zote zinatosha. Lenzi pana hupinda mistari pembeni, na kwenye simu pia ni heri kutumia lenzi ya 2x. Weka tundu la lenzi f/8, kasi ya shata isipungue sekunde 1/125, na upandishe ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 800 ikibidi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuinamisha kamera kuelekea juu. Safu za juu husogeleana, kama mpigaji anayeharakisha mdundo bila kujijua. Kamera iwe sambamba na ubao na urefu wake uwe katikati ya kipande unachopiga; simama juu ya baraza ikiwa mwenye nyumba amekuruhusu. Piga hodi kwanza.

Mwanga ndio unaostahili subira. Wengi hulikimbia jua la mchana, lakini kwa mlango uliosimama wima jua hilo hupita likiukwaruza kutoka juu, na kila msumari huangusha kivuli. Desemba jua la adhuhuri liko kusini yetu, basi tafuta milango inayotazama kusini. Juni liko kaskazini. Msumari uliotokeza sentimita 5 huangusha kivuli cha kama sentimita 16 mwishoni mwa Desemba, na kama 9 mwishoni mwa Juni. Fika kabla ya saa sita mchana, maana uchochoroni jua halikai. Shaba huungua upesi kuwa nyeupe tupu, kwa hiyo punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga wa kamera; stopu moja ni kupunguza nusu). Flashi usiiwashe kabisa: hupiga kutoka mbele na kufuta vivuli vyote.

Kwenye kanga na kofia za viua kuna tatizo jingine. Nyuzi au matundu yakilingana na msongamano wa vitambuzi vya kamera, hutokea mawimbi ya rangi yasiyokuwepo kwenye kitambaa. Kuza picha hadi asilimia 100 uhakikishe, kwani mengine ni ya kioo cha kamera tu. Yakiwepo kweli, sogea nusu mita mbele au nyuma, upige tena.

Ukitaka mfululizo, upange kama bashraf, kipande cha taarab kinachopigwa kwa ala bila kuimbwa: khana, yaani sehemu, nne zilizo tofauti, na taslim, yaani kiitikio, inayorudi baada ya kila moja. Khana ziwe mlango, mkeka wa ukindu, pindo la kanga, karafuu zilizoanikwa jamvini Pemba. Taslim iwe picha moja ile ile, tulivu, yenye kimya kingi kuliko mapigo. Ichague mwisho, ukishaziweka khana zote nne mezani na kuona zinahitaji kupumzikia wapi.