Ukienda kupanda mtumbwi Matema, saa achague mwenye mtumbwi

Mara yangu ya kwanza kupanda mtumbwi Ziwa Nyasa, nilikubaliana na mzee mmoja wa Lyulilo, kijiji cha jirani na Matema, tukutane ufukweni saa kumi na mbili asubuhi. Tukafika saa tatu. Tulisubiri chai, tukasubiri chapati, mtoto wa dada yangu akatafuta kofia yake mpaka chini ya kitanda. Mzee tulimkuta ameketi pembeni ya mtumbwi wake. Hakuwa amekasirika, ila hakututazama sisi. Alikuwa anatazama kusini.

"Mama, twende kesho," akasema.

Nikamjibu kwamba kesho tunarudi Mbeya, tena maji yenyewe yametulia kama ya kwenye beseni. Nikamsihi mpaka akakubali. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwenda Ikombe, kijiji kingine cha mwambaoni, hakukuwa na tabu. Wakati wa kurudi, kama saa sita hivi, upepo ukaamka. Mtumbwi wa Nyasa huchongwa kwenye mti mmoja, hauna mbao za pembeni za kuushikilia kama ngalawa za Pwani. Chini ni mviringo, kama gogo lilivyokuwa, kwa hiyo wimbi likiupiga ubavuni unabingirika. Mzee akaigeuza pua ya mtumbwi ikabiliane na mawimbi. Mimi nikakabidhiwa kata, nusu ya dumu la mafuta ya kula lililokatwa kwa kisu, nifue maji. Nikafua. Maji yalinifika vifundoni, nikiyatoa yanarudi. Mtoto alikuwa amenikumbatia kiunoni, halii, na huko kutolia kwake ndiko kulikonitia hofu zaidi. Tukajibanza kwenye kijighuba chenye mawe makubwa, tukakaa hapo mpaka jua lilipokaribia kuzama na ziwa likalala tena. Njia nzima mzee alitamka maneno mawili tu: "Mwera huo."

Tangu siku hiyo nimerudi Matema mara nyingi, na ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayeniuliza ni huohuo. Usipange saa wewe. Mwulize mwenye mtumbwi, kisha uamke kwa saa aliyoisema.

Mwera ni upepo wa kusini mashariki, na hushika kasi hasa kati ya Mei na Agosti. Ziwa Nyasa lina urefu wa takriban kilomita 580, na Matema ipo kwenye ncha yake ya kaskazini kabisa. Maana yake, upepo ule ukivuma unaliburuza wimbi urefu wa ziwa lote, na mwisho wa safari yake ni pale unapoogea. Ndiyo maana ufukweni unaweza kuona mawimbi makubwa wakati hapo ulipo hata majani ya mwembe hayatikisiki. Mvuvi anayatambua tangu yakiwa mbali, kwa mstari mweusi unaotokea juu ya maji upande wa kusini. Mimi hata leo sijaweza kuuona mapema kama wao.

Kwa hiyo nenda alfajiri. Mwanga ukianza tu, uwe umeshaketi ndani, na saa nne ikukute umerudi au umetulia ulikokwenda.

Jambo la pili nililojifunza ni kuangalia mwezi. Wavuvi wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, hufanya kazi usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki vizuri usiku wa giza. Siku za giza, kijana atakayekupeleka asubuhi huenda amekesha majini, macho mekundu, mabega yamekufa ganzi. Atakubali kwa sababu hela anaihitaji, lakini huyo si mtu wa kumkabidhi mtoto wako. Mwezi ukiwa mpevu, uvuvi wa taa hupumzika, na hapo utawakuta wamelala wakashiba usingizi, na mitumbwi ipo mingi mchangani. Ila nawe usikose kabisa usiku wa giza. Kaa ufukweni baada ya chakula cha jioni uzitazame zile taa zilivyojipanga huko mbali, kama kuna mji mwingine juu ya maji. Ukizitazama lala tu, safari ya mtumbwi iache ya siku nyingine.

Kabla ya kukanyaga ndani, omba kuonyeshwa kata. Kama haipo, mtumbwi huo usiupande. Tazama pia viraka: mtumbwi wa zamani wenye bati lililopigiliwa misumari si lazima uwe mbovu, lakini ukiona maji yamejikusanya chini nao uko nchi kavu au umetoka tu kusukumwa, uliza. Laifu jaketi nenda nalo mwenyewe ukiweza, hasa la mtoto, maana kwa wavuvi hulipati, na nyumba za wageni si zote zinazo. Simu na hela nimezoea kuzitia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nalifunga kwa kamba. Likianguka, linaelea.

Kupanda kwenyewe kuna adabu yake. Mguu unawekwa katikati, sio pembeni, mikono miwili inashika kingo, halafu unakaa chini kabisa, magoti juu, mmoja nyuma ya mwenzake. Ukitaka kutazama nyuma, geuza shingo, kiwiliwili kiache kilipo. Na picha za kusimama, ndugu zangu, hapana. Mwenye mtumbwi anaweza kusimama kwa sababu alianza kufanya hivyo akiwa na miaka sita.

Kuhusu kufika, sitasema mengi. Kutoka Mbeya mjini unapita Uyole, Kiwira, Tukuyu, kisha unakamata njia ya Ipinda hadi Matema. Mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwani ni chini ya mita 500, kwa hiyo lile koti la asubuhi utalivua njiani, migomba na chai ikianza kupisha mpunga na kakao. Kule kuna joto na mbu wapo, chandarua ni lazima.

Ninachotaka ukione kwa macho yako ni kipande cha kutoka Lyulilo kwenda Ikombe. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, haina hata nafasi ya barabara. Ukuta ule ni ukingo wa Bonde la Ufa, nao hauishii juu ya maji, unaendelea kushuka chini yake. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700 sehemu zake za ndani, na hata karibu na mwambao huo, makafi mawili matatu kutoka kwenye mawe, maji hubadilika ghafla kutoka kijani kuwa bluu nzito. Mwambie mpiga kafi apumzike kidogo hapo. Kwenye mawe utaona samaki wadogo wa bluu na wa njano, wengine wana milia, wakila ukoga. Aina nyingi za samaki wa ziwa hili hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mtoto wa dada yangu, ambaye baada ya siku ile ya mwera nilidhani hatataka tena kusikia habari ya mtumbwi, ndiye aliyeomba turudi kuwaona.

Maji hayo yana kichocho, lazima niseme. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo usichezee kwenye matete. Ukishaogelea, baada ya wiki sita hadi nane nenda kapime. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na inatibu. Mamba nao hukaa midomoni mwa mito, Lufilyo ukiwemo. Mwenye mtumbwi akikuambia hapa hatushuki, usishuke.

Bei mkubaliane mkiwa nchi kavu, na mkubaliane yote: watu wangapi, kwenda na kurudi au kwenda tu, na atakusubiri muda gani. Halafu usimbane sana. Anapiga kafi kwa mikono yake, na siku aliyokupeleka wewe hakutengeneza nyavu.

Ikombe ndiko wanakofinyanga akina mama wa kabila la Wakisi, na vyungu vyao hufika mpaka Dar es Salaam. Jumamosi vinashushwa kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, lakini mimi napenda kununua kulekule, kutoka kwa aliyekifinyanga, huku bado ana udongo kwenye kucha. Gonga kwa kidole usikilize: kizima kinalia, chenye ufa kinanyamaza. Sema "ndaga fijo" ukipokea, ni asante ya Kinyakyusa na watakuelewa. Kisha omba nyasi kavu za kukifungia, na ndani ya mtumbwi usikiweke mbele ambako pua inarukaruka. Changu nilikipakata katikati ya magoti, nikakishika kwa mikono miwili hadi Lyulilo, na yule mzee, ambaye ndiye ninayemtafuta kila nikienda, akawa anapiga kafi polepole kuliko kawaida yake.